Katriji ya pleya ya santuri: mpya au iliyokarabatiwa? Uliza habari za mpira kwanza

Mi nilishauziwa mbuzi kwenye gunia, acha niwaambie. Nilipata katriji (kale kakichwa kanakobeba sindano ya pleya) ya muvingi koili, ile aina ambayo kwa kawaida sindano huichomoi mwenyewe, muuzaji akaniambia imekarabatiwa, ncha ya almasi mpya kabisa, bei nusu ya ya dukani, nikaona nimelamba dume. Kuifunga tu, herufi "s" zote zinachoma masikio, besi ikishuka sindano inaruka, naongeza uzito wa sindano juu ya santuri mpaka gramu 2 na zaidi, wapi! Kumbe almasi kweli ilikuwa mpya, ila kale kampira kadogo kanakoshika kijiti cha sindano kwa ndani kalishakakamaa kwa uzee. Kampira hako ndiko springi ya katriji, kakiwa kagumu sindano haifuati mfereji, inaukwangua.

Kwa hiyo ukiambiwa "imekarabatiwa" uliza imebadilishwa nini hasa, ncha tu, kijiti, au na mpira? Omba na picha ya ncha iliyopigwa kwa hadubini. Akianza kujiumauma, achana nayo.

Aina nyingine, muvingi magneti, haina stresi hivyo maana sindano unaichomoa kwa vidole unachomeka nyingine, so mwili uliotumika ukiupima kwa mita ya umeme ukakuta koili (nyaya zilizoviringwa ndani) za chaneli zote mbili, kushoto na kulia, zinasoma, nunua tu halafu utafute sindano mpya. Kampuni ya Shure waliacha kutengeneza katriji 2018 na bado watu wanazitumia kwa sindano za makampuni mengine. Ila angalia, sindano "mpya" iliyokaa kwenye boksi miaka 30 nayo mpira wake umezeeka vilevile, usidanganywe na sili.

Halafu hesabu masaa, sindano nyingi zinaenda kama 500 hadi 1000 hivi, na santuri chafu inazimaliza mapema. Mi napitisha brashi ya kaboni kila kabla ya kupiga, sipulizi kwa mdomo (mate jamani!), santuri zikichafuka sana naziosha kwa maji yaliyochemshwa mvuke, yale ya distilesheni, na tone la sabuni, lebo isilowe. Zile za zamani za spidi 78 za shelaki usiguse na spiriti, zinayeyuka, na zinataka sindano yake nene. Zote zisimame wima, usizilaze.

Ile santuri niliyojaribia siku ile bado ninayo. Nimeshaweka sindano mpya, nimeiosha mara tatu, "s" zake bado zinachoma.