Mume wangu anataka watoto watano, mimi nimefika watatu

SWALI

Shikamoo, Mshauri. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina umri wa miaka 32 na watoto watatu: mabinti wawili na wa kiume mmoja mwenye miezi 14, ambaye bado ananyonya. Wawili wa mwisho nilijifungua kwa upasuaji. Mume wangu ni dereva wa lori, na tangu tulipooana husema kuwa anataka watoto watano. Mavyaa, ambaye tunaishi naye, anamuunga mkono. Anasema mtoto mmoja wa kiume ni sawa na jicho moja, na kwamba kila mtoto huja na riziki yake. Mume wangu ndiye mtoto pekee aliyembakia mavyaa, kwani mabinti wawili wa mavyaa walifariki wakiwa wachanga. Wiki 6 zilizopita nilichoma sindano ya uzazi wa mpango bila kumwambia mtu, na kadi nimeificha kwenye droo ya cherehani, chini ya vipande vya vitambaa. Je, nimekosea? Na familia inapaswa kuwa na watoto wangapi?

Mama wa Watatu, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mwanamke wa Tanzania huzaa kwa wastani watoto 4.8, wa mjini 3.6 na wa kijijini 5.5, lakini takwimu hizo hazijui kuwa tumbo lako limeshapasuliwa mara mbili, wala haziwezi kukuamulia.

Mazungumzo yenu ningependa yaanzie kwenye mshono huo. Mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji mara mbili, akishika mimba nyingine, kwa kawaida hupangiwa upasuaji tena, na kila upasuaji unaoongezeka huongeza uwezekano wa kondo la nyuma kujishikiza kwenye kovu la zamani, jambo linaloweza kusababisha kutokwa na damu nyingi hata ikalazimu mfuko wa uzazi uondolewe. Wapo wanawake wengi waliojifungua salama kwa upasuaji wa tatu, na sisemi haya ili kukutisha. Nayasema kwa sababu mumeo alitaja watoto watano kabla hujapasuliwa hata mara moja, na katika barua yako sioni mahali ambapo mtu alimkalisha kitako akamweleza kilichobadilika tangu siku hiyo.

Mavyaa naomba usimjibu kwa ukali. Mama aliyezika wachanga wawili anaposema habari ya jicho moja, anasema jambo alilolipitia mwenyewe. Hata kwenye utafiti wa mwaka 2004/05, ambao si wa zamani sana, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 43. Idadi hiyo bado inauma, lakini mjukuu wake aliyepata chanjo zote na anayelala ndani ya chandarua ana matumaini makubwa kuliko waliyokuwa nayo mabinti wale. Mweleze hivyo kwa upole, kisha mkumbushe jambo ambalo yeye analijua kuliko mimi: wazee walikataza kumbemenda mtoto, yaani mama asibebe mimba nyingine wakati mdogo angali ziwani. Shirika la Afya Duniani nalo hushauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Kwa hiyo, hata kama mtakubaliana kuwa na mtoto wa nne, si wakati wake sasa, na hapo mavyaa na daktari watakuwa upande mmoja.

Kuhusu riziki, naamini kwamba Mungu hutoa, ila nimeona pia inakopitia. Sisi kwetu tulizaliwa tisa. Dada yangu mkubwa aliacha shule akiwa darasa la nne ili anibebe mimi mgongoni wakati mama yupo shambani, na mpaka leo ukimwomba asome barua huisukuma kwako taratibu, akisema kuwa miwani ameisahau. Ada iliondolewa mpaka kidato cha nne mwaka 2016, na mpaka cha sita mwaka 2022, lakini sare, madaftari na nauli bado zinatoka mfukoni kwenu, na kazi za nyumbani mama anapozidiwa humwangukia binti wa kwanza. Mtazame binti yako mkubwa kabla ya kutaja idadi yoyote.

Sasa kuhusu sindano. Hukukosea kuulinda mwili wako, na mwongozo wa huduma za uzazi wa mpango nchini haumdai mwanamke ruhusa ya mumewe. Hata hivyo, siri hii inanitia wasiwasi. Mtu akiikuta kadi ile kwenye droo, ugomvi utakuwa juu ya kufichwa, na habari ya mishono haitasikilizwa tena. Iwapo unaamini kuwa mumeo hatakupiga wala kukufukuza, mwambie mwenyewe akirudi safari, wakati watoto wamelala na mavyaa hayupo karibu. Ikiwa unahofia hayo, usimwambie kwanza. Mweleze muuguzi anayekuchoma sindano.

Kisha mwombe mwende kliniki pamoja, mkiwa na kadi zako za wajawazito, ili daktari amweleze yeye mwenyewe habari za makovu. Ulizeni pia kuhusu kipandikizi na kitanzi, ambavyo hukaa miaka kadhaa na vikitolewa uzazi hurejea mapema, tofauti na sindano ambayo baada ya kuiacha mimba huweza kuchelewa miezi mingi, wakati mwingine karibu mwaka. Mkiamua kuwa watatu wanatosha, ulizeni kuhusu kufunga uzazi, na mumeo ajue kuwa ipo ya wanaume, ambayo ni upasuaji mdogo kuliko wako.

Sindano nyingi zinazotolewa kwenye vituo vyetu hukaa miezi mitatu, kwa hiyo una takriban wiki 6 za kuyafanya haya. Itazame tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, na siku hiyo ikifika kabla hamjaelewana, nenda ukachome.