Mchicha ndani ya mpunga: inategemea shamba lako

Kaka, umeuliza kama mchicha utapunguza magugu kwenye mpunga wako huko Bagamoyo. Kwenye jaruba lenye maji, sahau: mizizi itaoza, na hapo maji yenyewe ndiyo yanayozuia magugu. Kwenye mpunga wa nchi kavu, wa kutegemea masika, inafaa.

Panda mpunga kwa mistari ya sentimita 30. Ukishachipua, palilia mara moja, ndipo usie mchicha mstari mmoja katikati. Mbegu zake ni ndogo mno. Changanya kopo moja na makopo kumi ya mchanga mkavu, la sivyo zitarundikana.

Siku ya 21 hadi 28 ng'oa na mizizi, usichume majani tu. Wengi huharibu hapa: wakiona bei nzuri sokoni wanauacha, unaupita mpunga urefu na kuutia kivuli wakati unatoa machipukizi. Mchicha ukidondosha mbegu, basi umejipandia gugu jingine! Urea tia baada ya kuung'oa, na 2,4-D, dawa ya kuua magugu ya majani mapana, usipige kabla, itaua mchicha. Gugu la ndago haliishi kwa kivuli cha mchicha pekee, chimba na vinundu vyake vya chini.