Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kuumba, Mungu Alikuwa Anafanya Nini?

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu kwamba Mungu hana mwanzo wala mwisho, nikaendelea na mambo mengine, kumbe ndo nimewachokoza. Meseji zimekuja nyingi na nyingine ni ndefu kuliko safu yenyewe, kwa hiyo nimezifupisha na zinazofanana nimeziunganisha. Haya twende.

SWALI: Bwana asifiwe. Mwanangu ana miaka saba, kaniuliza kama kila kitu kimeumbwa na Mungu, je Mungu mwenyewe kaumbwa na nani? Nikamwambia asirudie, ni dhambi. Sasa roho inanisuta. Nimjibuje?

JIBU: Asifiwe mama. Hilo swali wameulizana maaskofu na maprofesa karne na karne, sasa mtoto wa miaka saba kakosa nini? Mwache aulize.

Ila liangalie lilivyokaa. Limeanza na "kila kitu kimeumbwa" na hapo ndo pameteleza, maana kanisa halijawahi kufundisha hivyo, linafundisha kila kitu kimeumbwa isipokuwa Mungu, na wala siyo kwamba Mungu kapewa upendeleo. Chukua mabehewa ya treni. La mwisho linavutwa na la mbele yake, na hilo linavutwa na la mbele yake tena, unaweza kuunganisha mia au milioni lakini behewa halina injini, hata yawe mengi vipi treni haitoki stesheni mpaka mbele kuwe na kichwa chenye nguvu yake chenyewe. Mtu akiuliza "na kichwa nacho kinavutwa na nani" ujue hajaelewa kichwa ni nini. Vitu vyote tunavyovijua vimepokea kuwepo kutoka kwingine, Mungu hajapokea kwa yeyote. Na tafadhali usimwambie mtoto eti alijiumba mwenyewe, najua kuna walimu wanajibu hivyo fasta ili darasa litulie, lakini ili ujiumbe inabidi uwepo kabla hujakuwepo, haiingii akilini.

Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, alikwenda mbali zaidi. Alisema kwamba ulimwengu una mwanzo ni jambo tunalolijua kwa imani, akili peke yake haiwezi kulithibitisha, na hata kama ulimwengu ungekuwepo siku zote bado ungemhitaji Mungu, kwa sababu kuumba siyo kusukuma mara moja halafu ukaondoka, ni kukifanya kitu kiwepo na kiendelee kuwepo. Natamani hili lingehubiriwa zaidi, tungepunguza ule ubishi na watu wa sayansi kuhusu mlipuko mkuu (Big Bang, maelezo yao ya ulimwengu ulivyoanza), utadhani imani yote inaning'inia hapo.

Mtoto msomee Zaburi 90 mstari wa 2: "Kabla haijazaliwa milima, wala hujaiumba dunia, na tangu milele hata milele ndiwe Mungu." Akisema hajaelewa, mwambie hata mama hajaelewa yote.

SWALI: Mimi siyo mkorofi, nauliza kwa nia njema. Kabla ya kuumba mbingu na nchi Mungu alikuwa anafanya nini miaka yote hiyo? Alikuwa amekaa tu?

JIBU: Hukuanza wewe ndugu yangu. Augustino, askofu wa Hippo (leo ni Algeria), aliulizwa hivyo hivyo na akalishughulikia kwenye kitabu cha 11 cha Maungamo yake, kati ya mwaka 397 na 400 hivi. Anasimulia kuna mtu alilijibu kwa utani, kwamba Mungu alikuwa anawaandalia jehanamu wanaochungulia mambo mazito. Augustino hakutaka kupita njia hiyo, akasema ni heri aseme hajui asichokijua kuliko kumfanyia mzaha aliyeuliza jambo zito. Mimi napenda sana hapo, maana ule utani bado unatumika mpaka leo kwa sura nyingine.

Jibu lake lenyewe ni hili: unaposema "miaka yote hiyo", miaka ipi? Wakati nao ni kiumbe. Umeumbwa pamoja na ulimwengu, kwa hiyo huwezi kuuliza "wakati ule" Mungu alifanya nini, hakukuwa na wakati ule. Mungu yuko kabla ya nyakati zote lakini hajazitangulia kwa kalenda, yaani siyo kwamba alisubiri karne kadhaa ndo akaamua sasa niumbe.

Najua bado haijakaa sawa kichwani, hata mimi huwa inanisumbua, so twende kwa Boethius. Huyu alikuwa kigogo kwenye serikali ya mfalme Theodoric huko Italia, akasingiziwa uhaini, na mwaka 524 hivi akiwa kizuizini anasubiri kuuawa akaandika kitabu ambacho ndani yake kuna maelezo ya umilele ambayo wanateolojia wanayanukuu mpaka kesho: kuwa na uzima usio na mwisho, wote kwa mara moja, kwa ukamilifu. Hapo kwenye "wote kwa mara moja" ndo penyewe. Wewe hapo unasoma sentensi hii, maneno ya mwanzo yameshapita, ya mwisho hayajafika, unalo moja tu mkononi na ukilimaliza nalo limekwenda (Augustino alitumia mfano wa mtu anayekariri zaburi, ni kitu kile kile). Maisha yetu yote yako hivyo. Utoto wako hunao, una kumbukumbu tu tena za kuokoteza, uzee wako hunao bado, na hii leo yenyewe inaponyoka ukiwa unaitazama. Mungu hapotezi jana wala hasubiri kesho, uzima wake haumjii kwa vipande. Ndiyo maana ile picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe siipendi, inatufanya tudhani umilele ni uzee uliozidi.

Na kama bado unadai "anafanya nini", soma Yohana 17:24, Yesu anamwambia Baba kwamba alimpenda kabla ya kuwekwa msingi wa ulimwengu. Hakuwa mpweke akaumba ili apate kampani.

SWALI: Mtumishi, umegusa Baba na Mwana. Mimi nasema baba yeyote anamtangulia mwanae. Kama Yesu ni Mwana basi kuna kipindi hakuwepo, au mnatufunga kamba?

JIBU: Hatuwafungi kamba, ila umeingia kwenye kesi iliyoamuliwa zamani. Arius, padri wa Alexandria, alifundisha kwamba kuna pale ambapo Mwana hakuwepo, na hoja yake ilikuwa karibu sawasawa na yako. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea mwaka 325 ukaikataa kwa jina lake kabisa. Athanasius, ambaye alikuja kuwa askofu wa Alexandria na kufukuzwa kwenye jimbo lake mara tano kwa sababu ya ugomvi huu, aliigeuza hoja: kama Mwana alianza, basi Baba naye alianza kuwa Baba, kabla ya hapo alikuwa Mungu tu bila mwana, kwa hiyo Mungu kabadilika, kapata kitu ambacho hakuwa nacho. Utakuwa umemshusha Baba vilevile, siyo Mwana peke yake. Mtoto wa binadamu anakuja baada ya baba yake kwa sababu binadamu wako ndani ya wakati, ukiutoa wakati hakuna wa kutangulia wala wa kufuata, kinachobaki ni kwamba Mwana anatoka kwa Baba, daima.

Aliyezaliwa Bethlehemu ni huyo huyo, lakini alichokianza pale ni ubinadamu wake. Mtaguso wa Kalsedonia, 451, ulikaa juu ya hilo. Na kama unaona hayo ni mambo ya mitaguso tu, angalia Yohana 8, Yesu anasema kabla Ibrahimu hajakuwako yeye yuko, na wasikilizaji hawakuomba ufafanuzi, waliokota mawe. Walimwelewa vizuri sana.

SWALI: Kama Mungu anaijua kesho yote na habadiliki, tunaomba ili iweje? Nimemuombea mgonjwa wangu usiku na mchana, sasa nauliza kama jibu lilishapangwa, nilikuwa nampigia nani kelele?

JIBU: Dada, pole na mgonjwa. Hili ndo swali lililonikalisha zaidi.

Tuanze na Biblia yenyewe, haituletei jambo hili likiwa limenyooka. Fungua 1 Samweli 15. Mstari wa 11 Mungu anasema anajuta kumtawaza Sauli awe mfalme. Shuka mpaka wa 29, Samweli anasema Mungu hatajuta kwa kuwa yeye si mwanadamu hata ajute. Shuka tena wa 35, Bwana anajuta. Sura moja! Aliyeandika hakuwa amesahau alichoandika mistari michache juu, alitaka tuyashike yote mawili: Mungu hayumbi kama sisi tunavyoyumba, na wakati huohuo dhambi ya Sauli haimpiti hivihivi kama haimhusu.

Sasa kujua. Boethius anasema ukimwona mtu anatembea, kuona kwako hakumsukumi atembee. Mungu anaiona kesho kama mimi na wewe tunavyoiona siku ya leo, iko mbele yake, haibashiri. Kwa hiyo kusema "anajua, basi hakuna kinachobadilika" ni kuchanganya kuona na kulazimisha.

Na kwenye maombi Aquinas anasema kitu ambacho mimi kimenisaidia kuliko mahubiri mengi: hatuombi ili tubadilishe mpango wa Mungu, tunaomba ili tupate yale ambayo yeye mwenyewe amepanga yapatikane kwa maombi. Kuomba kwako usiku kucha kuko ndani ya mpango. Mkumbuke Hezekia, 2 Wafalme 20, kaambiwa tengeneza mambo ya nyumba yako utakufa, akageukia ukutani akalia, na Isaya hajafika mbali akarudishwa na habari ya miaka 15 ya nyongeza. Yale machozi yalikuwa na kazi. Hayakumshtukiza Mungu, lakini yalikuwa na kazi.

Nikuambie pia wapo Wakristo wasiokubali haya yote. Mwanafalsafa Nicholas Wolterstorff, mwaka 1975, alitetea kwamba Mungu wa Biblia yuko ndani ya wakati, hana mwanzo wala mwisho lakini anatenda leo na kukumbuka jana, maana anayeongea na kujibu lazima awe na kabla na baadaye. Mwanafalsafa mwingine, William Lane Craig, anasema Mungu hana wakati pasipo uumbaji, ila tangu alipoumba yuko ndani ya wakati. Halafu lipo kundi la kina Clark Pinnock, mwanateolojia, miaka ya 1990, wanaosema kesho ya watu huru haijajulikana kikamilifu hata kwa Mungu. Hao wa mwisho naona wamelipa bei kubwa mno, Mungu anayekisia siwezi kumkabidhi mgonjwa. Wolterstorff nampa heshima yake ingawa nabaki na Boethius.

Kwa nini wengine wanapona na wengine hapana, umilele wa Mungu haujibu hilo na sitajifanya unajibu. Unachokuambia ni kwamba hajaanza kukusikiliza ulipoanza kulia. Isaya 65:24, "kabla hawajaomba, nitajibu."

SWALI: Mbinguni milele na milele, hatutaboreka?

JIBU: Ungeboreka kama uzima wa milele ungekuwa ni muda mrefu tu. Yohana 17:3 inasema ni kumjua Mungu wa pekee wa kweli na Yesu aliyemtuma, na huwezi kummaliza kumjua. Sisi lakini hatutakuwa wa milele kama yeye, sisi tuna mwanzo, cheti cha kuzaliwa kitabaki kuwa kweli.

SWALI: Kuna mtu kwenye grupu letu amepiga hesabu. Anatumia 2 Petro 3:8, siku moja ni miaka elfu, dunia imeumbwa siku sita kwa hiyo itakaa miaka elfu sita, na anasema imebaki kidogo sana. Watu wameanza kuuza vitu. Tumjibu nini?

JIBU: Kwanza waambieni waache kuuza vitu, leo hii, kabla hamjafika kwenye teolojia.

Kisha msomeeni mstari wote, maana kaukata. Petro anasema siku moja ni kama miaka elfu, na miaka elfu ni kama siku moja. Inakwenda pande zote mbili, ukiipigia hesabu kwa upande mmoja na kwa mwingine hupati tarehe yoyote. Isitoshe alikuwa anawajibu wenye dhihaka waliosema Bwana amechelewa, hoja yake ni kwamba kwa Mungu hakuna kuchelewa, anavumilia watu watubu. Hakuwa anagawa kikokotoo. Wanaopiga mahesabu haya walikuwepo hata enzi za Augustino, na yeye kwenye kitabu chake Mji wa Mungu aliwakumbusha Matendo 1:7, si kazi yenu kujua nyakati wala majira, akasema neno hilo linawalegeza vidole wote wanaohesabu. Mtumieni hiyo kwenye grupu, na aliyeshauza kitanda ajaribu kukirudisha mapema kabla mnunuzi hajakizoea.