Jakuzi Linavuja? Weka Kisu Chini Kwanza

Kwenye jakuzi la kwanza nililoitwa kulitengeneza, nilichimba povu, lile gumu la kuhifadhi joto linalozunguka beseni, siku mbili katika kona isiyo na kosa lolote. Sakafu ilikuwa imelowa pale, nikaamini tundu nalo liko pale. Kumbe maji yalikuwa yakidondoka kwenye yunioni ya pampu, yaani kiungo cha kuzungusha kinachounganisha bomba na pampu, upande wa pili kabisa, yakapita chini ya beseni kufuata mwinamo wa zege na kutokeza miguuni mwa mwenye nyumba. Tangu siku ile siamini dimbwi. Dimbwi linakuonyesha zege limeinamia wapi, basi.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii, au uliye na jakuzi lako nyumbani na unaona maji yanapungua, anza kwa kuhakikisha kwamba kweli linavuja. Maji ya moto hupotea kwa mvuke, hasa kifuniko kikiwa kimechakaa, na kila anayetoka hutoka na maji mwilini. Bandika kipande cha utepe pale maji yalipofika, funika, asiingie mtu kwa saa 24, kisha pima kwa rula. Rula, si jicho. Kwenye beseni lenye uso wa mita 2 kwa 2, kushuka kwa sentimita 1 tu ni karibu lita 40. Nikiambiwa "yameshuka kidogo tu", huwa naomba nione hicho kidogo.

Kipimo hicho kirudie mara mbili: siku moja pampu zikifanya kazi, siku nyingine zikiwa zimezimwa. Maji yakipungua sana pampu zinapozunguka, shuku upande wa msukumo, yaani kuanzia pampu kwenda kwenye hita na mabomba yanayogawa maji hadi kwenye pua, yale matundu yanayorusha maji ndani ya beseni. Yakipungua zaidi pampu zikiwa zimelala, angalia upande wa kufyonza. Huko pampu ikizunguka tundu halitoi maji, linavuta hewa. Dalili yake ni mapovu madogo yasiyokwisha kwenye pua hata ukifunga vali zote za hewa. Fundi wengi wachanga huyaona mapovu hayo, wakahangaika na filta wiki nzima.

Kipimo cha pili ni cha uvivu, nami nakipenda kuliko vyote. Zima umeme kwenye swichi kuu, kisha yaache maji yashuke yenyewe mpaka yakome. Yanapokomea ndipo usawa wa tundu ulipo. Yakikoma kwenye mstari wa pua za juu, umeshaondoa shaka juu ya pampu, hita na bomba la kutolea maji, maana vyote hivyo viko chini zaidi. Usifanye hivi penye baridi ya kugandisha, kwani jakuzi lisilo na umeme huganda, na barafu ikipasua mabomba utatoka na kazi kubwa kuliko uliyokuja nayo. Wala usiwashe hita wakati maji yameshuka.

Kuhusu umeme sina maneno mengi: kabla ya kugusa kitu nyuma ya paneli, zima, hakikisha kwa tesa ya kupima umeme, na swichi uifunge ili mtu wa nyumbani asije akaiwasha kwa kukusaidia.

Sasa fungua paneli ya mitambo. Katika kazi zangu, mivujo mingi ilikuwa hapo, mahali ambapo mkono unafika bila kubomoa chochote. Kausha kila kiungo kwa kitambaa, kisha tandika karatasi laini kavu chini ya kila kimoja. Funga paneli, washa, subiri, zima tena, ukaangalie ni karatasi gani imelowa kwanza. Yunioni huanza kulegea kwa mtikisiko wa pampu. Ikaze kwa mkono; spana kubwa huipasua. Ikiendelea kudondosha, ifungue utazame oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji. Mara nyingi utaikuta imebonyea kama utepe au imetoka kwenye mfereji wake. Ukiweka mpya, ipake grisi ya silikoni. Grisi ya mafuta ya petroli huharibu baadhi ya mipira.

Tone likitoka pale mota inapokutana na pampu, hiyo ni sili ya shafti, yaani kizibo kinachozuia maji pale mhimili wa mota unapoingia kwenye pampu. Utaona alama nyeupe ya chumvi au mstari wa kutu chini yake. Sili ina nyuso mbili zinazosuguana, kwa kawaida moja ya kauri na nyingine ya kaboni, na nyuso hizo zisiguswe kwa vidole. Mafuta ya ngozi au chembe moja ya mchanga inatosha kuirudisha kazi yako. Lakini kabla ya kununua sili, sikiliza mota. Kama inapiga kelele ya chuma, maji yameshafika kwenye beringi, na sili mpya peke yake ni hela ya kutupa.

Pua zichunguze kwa rangi ya chakula. Zima pampu, yaache maji yatulie kabisa, kisha kwa bomba la sindano achia tone karibu na ukingo wa pua. Penye tundu, rangi huvutwa kama uzi na kupotelea ndani. Pengine ni gasketi tu, na kuikaza pua kunamaliza kazi.

Povu lichimbwe vikiisha vyote hivyo, tena kwa mikono au mwiko wa mbao. Kisu na bisibisi havijui kutofautisha povu na bomba laini lililojificha ndani yake. Fuata unyevu, kutoka palipolowa kidogo kwenda palipolowa zaidi.

Ukifika kwenye bomba la PVC lililopasuka, usipake silikoni kwa nje. Maji yenye msukumo yataibandua. Kata kipande, kausha, safisha, paka gundi ya PVC pande zote mbili, ingiza huku ukizungusha robo mzunguko, shikilia sekunde 30, kisha liache saa 24 kabla ya kulirudishia maji. Na pima kipenyo kabla ya kwenda dukani: bomba la inchi moja na nusu lina milimita 48.3 kwa nje, na la milimita 50 linafanana nalo kama pacha, ila haviingiliani. Mimi nilijaribu kulazimisha. Lilishika siku tatu.

Dawa za kuziba za kumimina ndani ya maji nimezitumia, kwa tundu dogo lililofichika mahali pasipofikika. Toa filta kwanza. Kwa yunioni au sili ya shafti usizifikirie, na mwenye nyumba umwambie wazi kwamba amenunua muda.

Ukimaliza, bandika utepe upya na uliache jakuzi siku mbili likiwa na joto lake la kawaida, paneli zikiwa wazi. Plastiki hutanuka ikipata moto, na kiungo kilichokuwa kikavu maji yakiwa baridi kinaweza kuanza kutoa tone yakifika nyuzi 38. Povu lirudishe siku ya tatu.