Dogo kamaliza CBG, hajui asome nini

Mkuu, umesema mdogo wako kamaliza kidato cha sita kwa CBG (kemia, baiolojia na jiografia), mzee anataka asome udaktari, yeye mwenyewe kila akiulizwa anajibu "chochote tu". Mimi nilisoma misitu pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) na sasa nina steshenari hapa Morogoro. Dirisha la udahili likifunguliwa, hao wa "chochote tu" ndio wateja wangu wakubwa.

La mzee limalizeni mapema. Shahada ya udaktari inataka fizikia, kemia na baiolojia za kidato cha sita, na CBG haina fizikia. Kama fizikia ya kidato cha nne aliifaulu, anaweza kupitia diploma ya utabibu, miaka mitatu, afaulu vizuri, ndipo aombe shahada. Njia ipo ila ni ndefu, haimfai mtu anayetaka tu kumfurahisha baba. Mwonyesheni mzee mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), ile safu ya sifa za kujiunga. Mzazi atabishana na mwanawe mpaka usiku, ila mwongozo akishausoma mwenyewe huwa anapoa.

Sasa dogo mwenyewe. Vijana wengi ninaowajazia fomu wanachagua jina. Wanyamapori, kichwani ni simba na gari la wazi. Misitu, wanawaza kutembea kivulini. Sisi tulipopelekwa msitu wa mafunzo wa Olmotonyi, Arusha, kwa vitendo, kazi ilikuwa kupima kipenyo cha mti kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, mti baada ya mti, kisha jioni mnakaa na takwimu mpaka ujazo wa mbao utoke. Kuna wenzangu wenye A ya jiografia walioichukia kazi hiyo kabisa. Mimi zile hesabu ndizo zilizonikalisha.

Kwa hiyo mwambie aingie kwenye tovuti ya chuo, atafute orodha ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu. Mwaka wa kwanza haukuonyeshi mengi, umejaa stadi za mawasiliano na masomo ya utangulizi. Achukue kozi nne au tano ambazo CBG inaziruhusu, asome majina ya masomo moja moja, aweke alama kwenye yale yanayomfanya atake kujua ndani kuna nini. Kozi isiyopata hata alama moja aifute, hata kama mtaani wanaisifia.

Swali la "kozi gani ina ajira" silipendi, maana majibu yake hubadilika kila msimu na wanaojibu wengi hawajaisoma hiyo kozi. Amtafute mtu aliyemaliza miaka miwili mitatu iliyopita, siyo mhadhiri wala mjomba mwenye cheo, amuulize: baada ya kuhitimu ulipitia nini kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi yenyewe? Wa sheria atamweleza Shule ya Sheria kabla ya uwakili. Daktari atamweleza mwaka wa mafunzo hospitalini, mhandisi habari za kusajiliwa. Amuulize pia jana alishinda akifanya nini. Hilo la mwisho huwa linafungua macho kuliko yote.

Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) asiusubirishe eti mpaka aamue kozi, nyaraka zinachelewesha watu sana. Ajue tu kwamba akiajiriwa makato ni asilimia 15 ya mshahara. Na akishafika chuoni akaona kapotea, kuhama kozi kunawezekana mwanzoni, nafasi ikiwepo na sifa zikitosha. Akingoja mpaka mitihani, basi tena.

Weka hapa alama zake za kemia na baiolojia (jina usiweke), na useme kati ya maabara, shamba na kufundisha ni kipi hakitaki kabisa. Tuanzie kwenye anachokikataa, hapo orodha itapungua haraka.