Mgunda apewe mkataba, siyo ukaimu

Mhariri, wiki hii ya Septemba 2025 mmetuuliza wasomaji: "Klabu yako ikitafuta kocha mpya, wewe ungemchagua nani, na kwa nini?" Sisi wa Simba swali limetukuta kidonda bado kibichi. Timu imetoka Botswana na ushindi wa 1-0 dhidi ya Gaborone United, na kabla hata ya mechi ya marudiano Fadlu Davids ameshaaga, amekwenda zake Raja Casablanca. Benchi ameachiwa kwa muda Hemed Suleiman "Morocco", kocha wa Taifa Stars. Jibu langu ni Juma Mgunda, kocha mzawa aliyewahi kutushikia timu mara mbili. Na nikisema Mgunda namaanisha kocha mkuu mwenye mkataba wa miaka miwili mkononi.

Mimi ni katibu wa tawi letu huku Temeke. Juzi usiku tulikaa kikao nje ya duka la mwenyekiti, watu kama ishirini hivi, wengine kwenye viti vya plastiki, wengine juu ya kreti za soda. Ajenda ilikuwa michango ya basi la kwenda uwanjani, lakini hakuna aliyekuwa na hamu ya kusikia habari za basi. Nikafungua daftari ukurasa wa mwisho, nikaandika juu "KOCHA", nikawaambia kila mtu ataje wake na sababu yake.

Kijana wa bodaboda alianza na Mreno aliyekuwa amemtazama kwenye simu mchana kutwa. Fundi wa friji akataka Mtunisia, kwa hoja kwamba Nabi aliyeibeba Yanga ni Mtunisia. Mwingine akasema arudishwe Benchikha, Mwalgeria aliyewahi kutufundisha. Mama mmoja muuza samaki, ambaye hajakosa mechi ya nyumbani tangu namjua, akataka Msauzi mwingine kwa sababu Fadlu alitufundisha kucheza kwa utulivu. Ikapita saa nzima. Nilipoweka kalamu chini nilikuwa na majina kumi na moja: Wareno wawili, Wafaransa wawili, Waarabu wa Afrika Kaskazini wanne, Msauzi mmoja, Mserbia mmoja, Mbrazili mmoja. Nikayahesabu mara ya pili nione kama nimeruka mtu. Hapakuwa na Mtanzania hata mmoja.

Nikauliza, "Na wa kwetu je?" Mzee wetu mmoja, mwanachama tangu enzi za Sunderland, jina la zamani la Simba, akanijibu kwa upole: "Mwanangu, mgeni njoo mwenyeji apone." Watu wakapiga makofi.

Sikumjibu pale, kwa heshima ya umri wake. Namjibu hapa, na naamini ataomba asomewe.

Tangu Patrick Aussems aje mwaka 2018, Simba imepita kwenye mikono ya makocha wakuu wageni wanane: Aussems, Sven Vandenbroeck, Didier Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho, Benchikha na Fadlu. Sitawabeza, kwa sababu furaha walizotupa ninazo mwilini mpaka leo. Chini ya Aussems tulifungwa tano na AS Vita kule Kinshasa, tukafungwa tano na Al Ahly kule Misri, kisha tukawafunga wote wawili nyumbani na kuingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2019. Bao la kiungo wetu Chama dhidi ya Vita dakika za mwisho lilinikuta nimefumba macho, nikajua limeingia kwa sauti ya uwanja tu. Gomes naye alikwenda Kinshasa akashinda. Fadlu, katika msimu wake wa kwanza, alitufikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Ila tazameni wanavyoondoka. Sven aliifunga FC Platinum 4-0 Januari 2021, akatuingiza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, na kesho yake tukasikia hayupo. Zoran alikaa kiasi cha miezi miwili akaenda Misri. Benchikha aliondoka Aprili 2024, ligi haijaisha. Sasa Fadlu, katikati ya raundi ya awali ya Afrika. Siwalaumu, kazi ni kazi, na mtu akiitwa kwenye mshahara mnono atakwenda. Ninachosema ni kwamba kwa wengi wao Msimbazi, makao ya klabu yetu, ni kituo cha njiani, na kila anaposhuka mmoja anashuka na benchi zima la ufundi: msaidizi wake, kocha wa makipa, kocha wa viungo, mtu wa kuchambua video. Wanaobaki ni wachezaji, wanaoanza kufundishwa upya jinsi ya kukaba, na wengine wamesajiliwa kwa mfumo wa mtu ambaye hayupo tena.

Na kila pengo likitokea tunamwita nani? Septemba 2022, Zoran alipoondoka, zilikuwa zimebaki siku chache tu kabla ya mechi ya ugenini na Nyasa Big Bullets ya Malawi. Akaitwa Mgunda kutoka Coastal Union. Miezi michache nyuma alikuwa amewatoa jasho Yanga kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF pale Arusha, mabao 3-3, mshambuliaji wake Sopu akifunga matatu peke yake, Coastal wakashindwa kwa penalti. Alifika Simba hana muda hata wa kuzoeana na wachezaji wote. Tukashinda 2-0 Malawi, 2-0 nyumbani. Tukaenda Luanda kwa Primeiro de Agosto, mahali ambapo wengi tulisema sare tu inatosha, tukashinda 3-1, kisha 1-0 Dar. Tukaingia makundi. Mashabiki wakampa jina la "Guardiola Mnene", na lilikuwa jina la mapenzi. Dhidi ya watani wetu Yanga tukatoka 1-1.

Januari akaja Robertinho, na Mgunda akasogezwa kiti cha pembeni. Hakununa. Baadaye akapelekwa Simba Queens, akafundisha kinadada na ubingwa ukaja. Aprili 2024 moto ukawaka tena, Benchikha kaondoka, akaitwa tena kuuzima. Tukamaliza wa tatu, pointi 69 sawa na Azam, tukizidiwa kwa tofauti ya mabao tu. Msimu ulipoisha, kwaheri. Sasa, Septemba 2025, anaifundisha Namungo, kule Ruangwa.

Nimewahi kuwa kaimu kazini kwangu, miezi minane. Najua ukaimu ulivyo. Huwezi kumwambia mtu "mwakani tutafanya hivi", kwa sababu mwakani si yako. Wanaokuzunguka nao wanajua, wanakusikiliza kwa sikio moja, jingine linamsubiri mwenye kiti. Sasa mweke mtu huyo mbele ya wachezaji ishirini na tano, nusu yao wamecheza Ligi ya Mabingwa, umwambie awatawale. Mgunda alifanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili timu ilisimama. Hatujawahi kumpa dirisha la usajili. Hatujawahi kumpa maandalizi ya msimu. Hatujawahi kumwambia achague wasaidizi wake mwenyewe. Halafu pale kikaoni fundi wa friji ananiambia, "Dada katibu, Mgunda tulishamjaribu." Tulimjaribu lini, kaka yangu?

Hoja iliyonigusa zaidi ni ya kijana wa bodaboda. Alisema mzawa hataweza kusema hapana. Kiongozi akitaka fulani acheze, mzungu atakataa na mkataba wake utamlinda, lakini mtoto wa nyumbani atabanwa na undugu, heshima na simu za usiku. Niliifikiria hoja hii mpaka nikakosa usingizi, kwa kuwa ina ukweli ndani yake, na siyo kwa mpira tu. Lakini ameitaja dawa mwenyewe bila kujua: mkataba. Kinachompa mgeni ujasiri wa kukataa ni karatasi inayosema akivunjiwa kazi atalipwa. Mpeni Mgunda karatasi ileile, yenye fidia ileile, na kifungu kwamba kikosi anapanga yeye. Mkimweka kwa maneno ya "shikilia kwanza", mtakuwa mmemfunga mikono wenyewe kisha mkamlaumu kwa kutoogelea.

Leseni haina mjadala mrefu. CAF inataka kocha mkuu kwenye mashindano yake awe na cheti cha daraja la juu, na Mgunda alikaa benchi Malawi na Angola bila tatizo.

Wapo wanaosema mpira wa kisasa umemwacha mzawa nyuma. Mwezi uliopita tu, kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, iliyochezwa hapa kwetu na kwa majirani zetu, Hemed Morocco aliifikisha Stars robo fainali, ikatolewa kwa bao 1-0 na timu ya nchi ya Morocco. Novemba mwaka jana huyohuyo aliifunga Guinea 1-0 kwa kichwa cha Msuva akatupeleka AFCON. Wachezaji wake wengi ni haohao tunaowaona Simba, Yanga na Azam. Sasa tunamwazima tuvuke mechi ya Gaborone, na naomba Mungu avuke, ila mnaona wenyewe mtindo ni uleule: shida ikija, mzawa, raha ikirudi, ndege inatua na mgeni.

Nje ya hapa, Mamelodi Sundowns walimchukua Pitso Mosimane Desemba 2012, timu ikiwa hoi kwenye msimamo, naye akiwa ametoka kuondolewa Bafana Bafana. Mwafrika Kusini mwenzao. Walikaa naye mpaka 2020, na mwaka 2016 akawapa ubingwa wa Afrika. Angepewa miezi mitatu ya ukaimu, hilo kombe lisingefika Pretoria.

Na kwetu wenyewe mbona tunasahau haraka hivi? Fadlu ametufikisha fainali ya Afrika, ndiyo, lakini hakuwa wa kwanza. Mwaka 1993 Simba ilicheza fainali ya Kombe la CAF, na kocha alikuwa Abdallah Kibadeni, yuleyule aliyewafunga Yanga mabao matatu tulipowapiga 6-0 mwaka 1977. Tulitoka 0-0 Abidjan na Stella ya Ivory Coast, tukarudi Uwanja wa Taifa nchi nzima ikijua kombe ni letu. Tukafungwa 2-0. Nilikuwa mtoto. Namkumbuka baba alivyorudi kwa miguu kutoka uwanjani, akakaa kwenye benchi la barazani bila kuvua viatu. Mama akaleta chakula, kikapoa, akakitoa. Jambo pekee alilosema baba usiku ule ni "Kibadeni wetu ametufikisha." Hakusema ametuangusha. Mei mwaka huu, pale Amaan Zanzibar, kwenye fainali ile ya Fadlu, Berkane ya Morocco waliposawazisha na filimbi ikalia, nami niliketi chini kwenye ngazi za jukwaa sijui nivae kandambili au niziache. Miaka 32 imepita kati ya machozi hayo mawili. Ya kwanza aliyetufikisha pale alikuwa mtoto wetu, na baada yake tukaacha kuamini kwamba mtoto wetu anaweza.

Mzee wangu wa Sunderland, shikamoo. Mithali yako naikubali. Wageni walikuja na kweli tulipona: ubingwa minne mfululizo kuanzia msimu wa 2017/18, robo fainali mpaka Afrika nzima ikatuheshimu. Lakini hiyo minne watani nao wameshaijibu kwa minne yao, na sisi kila msimu tunampokea mgeni mwingine uwanja wa ndege kwa skafu na maua. Mwenyeji aliyepona hubaki na nyumba yake. Hakai mlangoni akingoja mgeni mwingine aje kumpikia.

Ninachokitaka hasa ni hiki. Mgunda aitwe sasa, akae na viongozi mezani, asaini miaka miwili. Selemani Matola, kocha msaidizi na nahodha wetu wa mwaka ule tuliowavua Zamalek ya Misri ubingwa wa Afrika, abaki naye, maana miaka yote hii amekuwa kumbukumbu pekee inayobaki benchini makocha wakipishana. Kocha wa viungo na mchambuzi wa video watafutwe popote duniani, waajiriwe na klabu, wasiwe mali ya kocha, ili hata Mgunda akiondoka wao wabaki. Dirisha dogo likifunguliwa, yeye ndiye aseme tunahitaji nani. Tukianza kwa sare mbili, tutulie. Namaanisha hata sisi wa matawi, hasa sisi, ambao ndio wa kwanza kupiga kelele za "atoke". Kwa hili tawi langu nimeliomba liahidi kwa maandishi.

Mwisho wa kikao nilichukua kalamu nikaandika jina la kumi na mbili chini ya yale kumi na moja. Tukapiga kura kwa mikono. Mreno wa bodaboda alipata kura sita, Benchikha tano, Mgunda nne: yangu, ya yule mama wa samaki aliyebadili mawazo, na za vijana wawili wanaocheza ligi ya wilaya. Zilizobaki zikatawanyika. Mwenyekiti akasema kura ni kura, barua ya tawi itakwenda na jina la Mreno. Nimeiandika kama nilivyoagizwa, kwa mwandiko wangu bora. Nimeomba ruhusa ya kuambatanisha ya pili yenye saini zetu wanne, nimekubaliwa, na Jumamosi asubuhi nazipeleka zote mbili Msimbazi.