Kaka anachungulia stetasi, salamu haitikii

SWALI: Naishi Mbagala. Kaka yangu wa tumbo moja yuko Tanga, Ngamiani, na hatujaonana miaka 9. Mwaka jana wifi yangu alifariki. Mwanangu alikuwa amelazwa, nikashindwa kwenda. Nikatuma rambirambi ya shilingi 50,000 kwa simu na kuandika pole kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Baada ya arobaini kaka akajitoa kwenye kundi. Nikimsalimia naona tiki mbili za bluu, hajibu, lakini kila nikiweka stetasi jina lake halikosi kati ya waliotazama. Nataka kumfuata. Nianzie wapi? (Bi. Z.)

JIBU: Anzia msibani, Bi. Z., maana ndipo mlipoachana. Rambirambi ni mkono kwanza, hela baadaye. Elfu hamsini yako iliingia kwenye simu pamoja na za watu baki, na pole yako ikafukiwa na pole nyingine za kunakili. Huenda hata habari ya mtoto kulazwa haikumfikia. Ila usimwandikie maelezo marefu leo. Waraka mrefu kutoka kwa mdogo wake, mtu huusoma kama utetezi wa mahakamani.

Kuhusu stetasi, usijenge nyumba juu yake. Zinajifungua zenyewe moja baada ya nyingine, mtu akishika simu tu ameshapita ya kwako. Lakini jambo moja ni la hakika: stetasi yako haionekani kwa mtu ambaye hajahifadhi namba yako. Kaka hajakufuta wala hajakufungia.

Usipige wewe kwanza. Mtafute mtu mzima anayemheshimu, shangazi au mjomba, apeleke neno moja: "Mdogo wako anataka kuja kukupa mkono." Asikuombee msamaha, hiyo ni kazi yako. Kaka akijibu "aje tu", hata kwa kununa, umeruhusiwa. Hapo ndipo upige, simu ya kawaida, dakika mbili, utaje siku. Simu ya video iache. Inamlazimisha kutengeneza uso ambao bado hana.

Kutoka stendi ya Mbezi hadi Tanga ni kama kilomita 350, na ukipanda basi la alfajiri mchana uko stendi ya Kange. Usiende kwake moja kwa moja. Pumzika kwa ndugu mwingine au gesti, uoge, usali, uingie baada ya Alasiri, mnamo saa 10. Nyumba ile haina mwenye jiko sasa. Ukiingia saa 7 mchana, kaka ataanza kuhangaika na chakula cha mgeni, na aibu hiyo itakula nusu ya mazungumzo. Ngamiani barabara zina namba, kwa hiyo mwambie wa bajaji namba na msikiti ulio karibu.

Mikononi uwe na mchele kilo 5, sukari kilo 2 na majani ya chai. Kama ana binti aliyeshika nyumba, mchukulie kanga doti moja, na hapa tunasisitiza: soma jina la kanga kabla ya kulipa. Kanga ya mahasidi au ya wambea, ikitoka kwa shangazi aliyepotea miaka 9, itasomwa nyumba nzima na majirani kuwa ni kijembe. Machungwa ya Muheza yatakayouzwa dirishani njiani yaache, Tanga wanayo ya kutosha.

Ukishakaribishwa, shikamoo, kaa, kisha sema: "Kaka, pole ya msiba. Sikufika, nimekuja leo." Nyamaza. Hospitali usiitaje mpaka aulize, na akiuliza jibu kwa sentensi moja. Omba msomewe Fatiha ya marehemu hapohapo mkekani. Na yote unayoyajua kupitia stetasi zake yaweke mfukoni. Ukimwambia "nimeona umepaka rangi nyumba", atajiona alikuwa akipelelezwa. Mwache akuoneshe mwenyewe, nawe ushangae.

Picha usirushe siku hiyo. Kuna shangazi au mama mdogo wa barabara ya pili atakayeiona kabla hujamsalimia, ukazua kesi mpya. Aga kabla ya Magharibi, ila ukizuiwa kaa. Asubuhi rudi kunywa chai, ununue mahamri na mbaazi njiani. Safari hii ya pili ndiyo atakayoitumia kukusema, kwa hiyo usikate tiketi ya kurudi Dar asubuhi ile.

SWALI: Niko Pongwe. Kijana wa Mombasa kanipata Facebook, anasema ni mtoto wa marehemu baba kwa mke wa huko. Sura tunafanana. Anataka kuja. Nitamjuaje kweli? (Bw. S.)

JIBU: Sura si ushahidi, picha za baba uliziweka hadharani mwenyewe. Muulize yasiyoandikwa mtandaoni: jina la bibi mzaa baba, jina la utani la baba alipokuwa kijana, baba alikwenda Mombasa kwa kazi gani. Majibu yapeleke kwa mzee wa upande wa baba, maana wewe huenda ndiwe usiyejua. Kisha simu ya video, bila kumpa taarifa siku mbili kabla.

Akiomba nauli, mwambie akikata tiketi mwenyewe utamrudishia mkononi akifika. Ndugu wa kweli atanung'unika lakini atakuja. Ukilazimika kutuma, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri; likiwa la mtu mwingine, simama hapo. Ujumbe wa utapeli kwa hapa nchini unaripotiwa kwenye namba 15040. Aje na pasipoti kupitia mpaka wa Horohoro, na mkutane kwanza mchana, mahali pa watu, mzee akiwepo. Suala la mirathi likiibuka siku ya kwanza, lipelekeni kwa wazee, msilijadili kwenye chai.

SWALI: Nina siku 3 za kwenda kwa dada Pangani, watoto wake wananijua kwa picha tu. Nilale gesti nisiwabane? (Mjomba mtu)

JIBU: Lala kwake, hata sebuleni. Gesti ya mjomba itaulizwa na mtaa mzima, na anayejibu ni shemeji yako. Watoto usiwavute kwa simu. Watume dukani, mwende nao feri, jioni watakuwa mgongoni. Hela ya kuacha mpe dada mkononi asubuhi ya kuondoka, jikoni, watoto wasione. Ukiituma kwa simu ukiwa umeshafika Segera njiani, atahesabu ni nauli uliyobakiza.